Tathmini ya bidhaa imsaidie mnunuzi kuamua

Ukiandika kuhusu bidhaa ili upate kamisheni mtu akinunua kupitia linki yako, kumbuka kwamba msomaji ameshaona bei na picha kwa muuzaji. Kwako anatafuta kile ambacho muuzaji hakukiandika: je, kitu hiki kitanifaa mimi, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa mshahara huu na stima hii?

Mimi huandika kuhusu vyombo vya jikoni, na tathmini zinazoendelea kuniingizia pesa ni za vyombo nilivyopikia hadi nikavizoea. Chukua sufuria ya presha ya umeme. Boksi linasema wati 1,000. Kwa mtu anayenunua tokeni za umeme, namba hiyo ina maana akiambiwa kwamba wati 1,000 zikiwaka saa nzima hula uniti moja. Ila sufuria hii haivuti umeme muda wote. Ikishapata presha huwaka na kujizima. Kwa hiyo soma mita kabla ya kuteleka githeri (mahindi na maharagwe), zima vitu vingine vyote, kisha soma tena ikiiva. Piga picha za mita. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti kwenye tokeni yako ya mwisho, uweke hesabu kando ya ile ya gesi au makaa. Taja kama mahindi yalikuwa makavu na kama uliyaloweka usiku, maana wapishi watakubishia hapo hapo. Na stima ikipotea katikati ya kupika halafu ikarudi, sufuria inaendelea yenyewe au lazima ubonyeze upya? Nairobi hilo ni swali la lazima.

Angalia pia volti. Kenya tunatumia 240, na vyombo vingi vya soko la Marekani ni vya 120. Ukipendekeza kimojawapo bila kusema hivyo, unamtuma mtu akaunguze pesa zake. Kabla sijachapisha, hupita Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, nikaulizia raba ya mfuniko na spea nyingine.

Kasoro zipandishe juu, na useme wazi nani asinunue. Waandishi wengi huogopa sehemu hii, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote: asiyefaa anaondoka mapema, anayefaa anabonyeza linki akiwa na uhakika. Isitoshe, mzigo ukirudishwa, kamisheni nayo kwa kawaida hufutwa.

Tangaza kamisheni yako mwanzoni, kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi. Amazon huwataka washirika wake wafanye hivyo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kodi nayo ipo: tangu Julai 2023, mapato haya hukatwa asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, basi panga bajeti yako kwa kinachobaki.

Bei hubadilika hata ndani ya wiki. Kando ya kila bei, andika tarehe uliyoiona.