Maswali ya wasomaji: Godoro inchi 10 na bado kiuno kinauma

SWALI: Dada shikamoo, mi ni fundi cherehani hapa Mbagala, nakaa kwenye mashine kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwaka jana tulijichanga na mume wangu tukanunua godoro 5 kwa 6 inchi 10, saivi katikati limebonyea yani kila mtu akilala upande wake ikifika alfajiri wote tuko kwenye shimo. Naamka kiuno kimekaza mpaka nijikande na maji ya moto ndo niweze kuinama. Muuzaji ananiambia niongeze hela nichukue inchi 12, shangazi yangu anasema nilale chini kwenye mkeka maana mgongo unataka pagumu. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla hujatoa hela yoyote funua godoro uangalie chaga. Vitanda vingi vya mbao tunavyonunua barabarani vina chaga chache, nyembamba, zimeachana mpaka mtoto anapitisha mguu, na godoro la sponji likikaa juu ya mianya hiyo linazama hata kama ni zuri. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3 hivi, na kitanda cha futi 5 kinatakiwa kiwe na mguu wa katikati, la sivyo mbao zinapinda kwenda chini. Jaribu kulala na godoro hilohilo sakafuni siku mbili tatu, tandika mkeka chini yake ili lisivute unyevu, afu asubuhi lisimamishe lipate hewa. Ukiona kiuno kimepata nafuu basi tatizo ni chaga na fundi seremala atakumalizia kwa hela ndogo sana kuliko godoro jipya.

Ikiwa hata sakafuni shimo lipo palepale basi godoro limekwisha, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanapigwa hapa. Inchi zinakwambia godoro limeinuka kiasi gani, hazikwambii ndani kuna sponji kiasi gani na hewa kiasi gani. Kinachobeba mwili ni densiti, yani mita moja ya ujazo ya lile sponji ina kilo ngapi. Sponji la densiti ya 16 ni jepesi mno kwa watu wazima wawili wanaolala kila siku, mi ningeanzia 24 na kama mmoja wenu ni mzito ningesogea mpaka 30. Muuzaji anaweza kukwambia densiti yoyote ile, mizani haidanganyi. Godoro lako la 5 kwa 6 inchi 10 lina ujazo wa mita 0.7 hivi, kwa hiyo likiwa la densiti ya 24 linatakiwa liwe na kilo kama 17, la 30 kilo 21, na ukikuta lina kilo 11 ujue ni ile 16. Njoo na mizani au muite mmoja wa wale vijana wanaopima watu uzito barabarani, mwambie mtu apande mwenyewe afu apande amebeba godoro, mtoe kilo zake. Muuzaji akikataa nenda duka lingine. Inchi 8 yenye kilo zake nachukua mara mia kuliko inchi 12 ya hewa.

Kuhusu shangazi, mwambie namheshimu lakini kwenye pagumu sikubaliani naye. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukachapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la The Lancet, watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawanywa, wengine wakapewa godoro gumu na wengine la ugumu wa kati, na baada ya siku 90 waliopata nafuu zaidi ni wale wa ugumu wa kati. Ukilala ubavu kwenye pagumu bega na nyonga haziingii, kiuno kinabaki kinaning'inia. Kwa hiyo dukani vua viatu ulale, na mume wako alale pembeni, mkae kama robo saa na wala msione aibu. Lala chali upitishe kiganja chini ya kiuno, kikipita bila kugusa chochote hilo ni gumu kwako, na kama kujigeuza tu ni kazi basi ni laini mno.

Likifika nyumbani toa ile nailoni yote, najua tunaiacha ili lisichafuke lakini kwa joto la Dar unalala kwenye jasho lako na sponji linavuta unyevu, weka kava la kitambaa linalofulika. Kila baada ya miezi michache zungusha, kichwani kuwe miguuni. Kuanika anika kwenye kivuli chenye upepo, jua kali la muda mrefu linalifanya sponji liwe la njano na limeguke.

Na mdogo wangu, maumivu yakianza kushuka mguuni, au mguu ukafa ganzi, au mkojo ukakusumbua, hayo si ya godoro tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Naendesha lori Tanga kwenda Dar, nalala ubavu na mito miwili na bado shingo inaamka imekakamaa. Niongeze wa tatu?
Dereva

JIBU: Hapana kaka yangu, punguza. Mto kazi yake ni kujaza ile nafasi kati ya sikio na bega basi, ili shingo ifuate mstari wa mgongo, na miwili inakupindisha kichwa juu usiku kucha. Tafuta mmoja ulioshiba, wa sufi ndo naupenda zaidi kwa mtu kama wewe maana unafumua mshono kidogo unapunguza au kuongeza mpaka ukae sawa, na ukijikusanya mabonge unauanika unafumka tena. Mto wa pili weka katikati ya magoti, utashangaa kiuno kinavyopumzika. Mke wako akiwa mjamzito mfanyie hivyohivyo.

SWALI: Mwanangu ana miezi 5, kichwa kimekuwa bapa kwa nyuma, bibi yake kashona kimto chenye shimo katikati. Nimlaze nacho?
Mama kijacho zamani, Mwanza

JIBU: Usimlaze nacho mama, nakuomba sana. Mtoto chini ya mwaka mmoja halali na mto wa aina yoyote, akigeuka uso ukazama hana nguvu ya kujinasua na anaweza kukosa hewa. Mlaze chali kwenye godoro lililokaza, shuka limebanwa vizuri, bila mto wala mdoli. Kichwa bapa mara nyingi kinajirudi chenyewe, msaidie kwa kumlaza kifudifudi mchana akiwa macho na wewe uko hapohapo unamwangalia, na usiku badilisha upande unaoweka kichwa chake ili asitazame mlango uleule kila siku. Siku ya kliniki mwonyeshe nesi. Kile kimto kitunze, akifika miaka miwili bibi atakiziba shimo akilalie.