Picha za ubongo za hospitali hazihesabu watu wa Mbozi

Dada, umeuliza: kama wagonjwa wengi wa kifafa waliopigwa CT (picha ya ndani ya kichwa kwa mashine) hospitali Mbeya mjini wamekutwa na vifuko vya minyoo tegu kichwani, je, ndivyo hali ilivyo kwa watu wote wa Mbozi? Hapana. Kwanza uliza nani alifika kwenye mashine. Anayefika ni mwenye degedege kali, nauli na rufaa. Wa kijijini Mbozi anayetibiwa nyumbani hayumo, na asiye na dalili kabisa hayumo. Na hao wa mwisho ndio muhimu, maana vifuko vinaweza kukaa kichwani miaka bila kumsumbua mtu. Bila kuwapima pia wasio na kifafa wa vijiji hivyohivyo, umri uleule, huwezi kusema kifuko ndicho kilicholeta kifafa.

Hata Uingereza wamekutana na tatizo hili la wanaofika kutofanana na wasiofika. UK Biobank, mradi mkubwa wa utafiti wa afya, ilialika watu zaidi ya milioni 9, wakaja takribani laki 5, na waliokuja walikuwa na afya bora kuliko wenzao. Idadi kubwa haikuliondoa tatizo hilo.

(Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo hata asiyekula kitimoto hupata.)

Ukisoma utafiti wa namna hii, anza na sehemu inayoeleza washiriki walipatikanaje, ndipo uangalie picha.