Simu imelia alfajiri kisa askari wa mbali, nizime hizi tahadhari?

SWALI: Kaka habari, mimi niko Houston. Ile Oktoba 2024 saa kumi na dakika hamsini alfajiri simu ililia kama king'ora na nilikuwa nimeiweka sailenti, kusoma eti mkuu wa polisi wa Memphis kapigwa risasi. Namba yangu wameipata wapi? Na nikizima nitakosa nini?

JIBU: Pole sana dada. Namba yako hawana kabisa. Ile sio SMS, mnara unarusha ujumbe hewani kama redio na kila simu iliyo karibu inaudaka, hata ya mgeni aliyeshuka eapoti jana usiku, wala mtumaji hajui nani kapata.

Inaitwa Blue Alert, tahadhari ya kumsaka mtu aliyeua au kujeruhi askari, ilianzia Florida 2008 na Texas wakaichukua mwaka huohuo. Sheria ya nchi nzima Obama aliisaini Mei 2015, ina majina ya Rafael Ramos na Wenjian Liu, askari wa New York waliouawa Desemba 2014 wakiwa wamekaa tu ndani ya gari lao Brooklyn. Na polisi wa Baltimore County walikuwa wameshapiga simu na kutuma faksi kuonya kwamba huyo muuaji anakuja, onyo halikuwafikia wale wawili. Faksi jamani! Ndo maana siwezi kusema mfumo huu hauna kazi.

Tatizo ni eneo. Anayetuma ndiye anayechora kwenye ramani ujumbe ufike wapi, na tangu mwisho wa 2019 kwenye simu zinazokubali teknolojia hiyo ujumbe unatakiwa usivuke mpaka huo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maili. Siku ile wakaurusha Texas nzima, wakati Memphis hiyo (ya Texas, sio ya Tennessee) iko zaidi ya maili 400 kutoka kwako. Maelfu walilalamika FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani), na walikuwa na haki.

Ila usizime dada, nakuomba. FCC waliiweka Blue Alert kundi moja na tonado na mafuriko ya ghafla, haina kitufe chake peke yake, kwahiyo ukienda setingi ukazima Emergency Alerts umezima na ile ya tonado, na Houston mnajua maji yanavyokuja usiku. Ikilia tena soma mji na namba ya gari la mtuhumiwa, ukiliona piga 911, usilifuate.