Mwite na Baba Mdogo Asikie

Wiki iliyopita msomaji wa Arusha aliniandikia: "Dada, baba anaumwa na hataki habari za kuzikwa. Nikigusia tu, naambiwa namchuria. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe nikiwa kwenye daladala, kifua kikanibana. Jibu langu ni hili.

Baba yangu alifariki 2019, hapa Dar es Salaam. Miezi mitatu kabla, jioni moja barazani Kimara, nilikuwa namkata kucha za miguu. Akaniambia, "Mama, mimi msinisafirishe. Nizikeni hapahapa. Rombo nani atanipalilia kaburi, na ninyi wote mko huku?" Akanisogezea mguu wa pili. Nikaitikia, nikaendelea na kucha. Sikumwita kaka, sikumpigia mtu simu. Niliona nimepewa siri, nami nikaitunza kama siri.

Kikao cha ukoo kilikaa chini ya turubai. Nilisimama nikasema aliyoniambia baba. Baba mdogo akaniuliza swali moja tu: "Nani mwingine alisikia?" Sikuwa na wa kumtaja. Mtu nyuma akadakia kwamba Mchaga mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, hazikwi mjini kama asiye na kwao. Tukapakia jeneza, tukaondoka na Coaster mbili. Deni la usafiri lilinichukua mwaka na nusu kulimaliza, ila si hilo linaloniuma hadi leo. Nilionekana mwongo mbele ya mwili wa baba yangu.

Na usidhani ni ukoo wetu tu. Kule Kenya wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alishikilia kwamba mumewe hakutaka kuzikwa kwao. Ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na Mei 1987 ndipo alipozikwa, huko huko Nyalgunga. Miezi mitano! Mtu wa sheria, na bado aliyoyasema kwa mdomo hayakumsaidia. Lakini Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa huko huko Kenya, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na watu wake walilijua hilo. Alipofariki 2011 alitengenezewa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Arusha, usianze na kifo cha baba. Anza na msiba wa jirani, mkiwa mmetoka kuzika, viatu bado vina udongo. Mzee mwenyewe ataanza kukosoa: jeneza lilikuwa la nini, chakula kile cha nini. Hapo msikilize. Lakini usisikilize peke yako! Mwite yule utakayegombana naye siku ya msiba. Yeye ndiye wa kusikia kwanza, kabla yako wewe unayempenda baba kuliko wote.

Wala usiyafiche kwenye wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanahifadhi wosia vizuri, ila familia nyingi husoma wosia matanga yakishaondolewa, mtu yuko ardhini tayari. Habari za mazishi ziandikwe karatasi ya pembeni, zisainiwe, nakala ziwe kwa watu watatu. Tuache kuogopa uchuro. Tunachangia harusi mwaka mzima kabla, tunashindwa kuulizana swali la dakika kumi?

Mimi mwezi huu nimefanya. Tulikaa na mama, kaka zangu wawili, na baba mdogo wa Rombo kwenye simu, sauti imefunguliwa. Nilidhani mama atanifukuza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kimepigwa pasi na kukunjwa ndani ya mfuko. Alikuwa nacho tayari, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akataka jeneza la kawaida, kwaya ya jumuiya yake, na azikwe Rombo, kando ya baba.

Rombo. Mkono ulinitetemeka, lakini niliandika kama alivyosema, nikamsomea. Simuni kukawa kimya kidogo, kisha baba mdogo akasema, "Nimesikia, shemeji. Na wewe mwanangu, nimesikia."