Maswali ya Wasomaji: Bega Linalotangulia Gongo

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa pili katika timu ya besiboli ya shule. Ninapiga kwa mkono wa kulia. Mipira inayopita karibu na mwili naipiga vizuri, lakini ile inayopita upande wa mbali wa kibao (bamba la ardhini ambalo mpigaji husimama kando yake) ama naikosa kabisa, ama inabiringika kinyonge kuelekea kwa mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu kati ya vile anavyozunguka mkimbiaji. Mwalimu wetu wa michezo husema nafungua bega mapema, yaani bega la mbele linageuka kabla ya wakati wake. Nimekwisha kubadili msimamo mara tatu bila mafanikio. Nisimame vipi, na nifanye mazoezi gani nyumbani, ambako sina mtu wa kunirushia mpira? — Msomaji, Temeke.

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako amekuona vyema, ila ugonjwa wako haumo katika namna unavyosimama ukimsubiri mrushaji. Wapigaji hodari husimama kila mmoja kwa mtindo wake, mwingine ameinama, mwingine amenyooka kama askari wa gwaride, lakini mguu wa mbele unapokanyaga chini karibu wote huwa wamefika mahali pamoja: uzito ungali upande wa nyuma, mikono iko usawa wa bega la nyuma, na bega la mbele bado limefungwa kumwelekea mrushaji. Hapo ndipo unapopaswa kujichunguza.

Sababu ya kuharakisha naielewa. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye kibao ni mita 18.44, na mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa huimaliza safari hiyo kwa takribani sekunde 0.4. Wa shuleni kwenu hauna kasi hiyo, lakini hofu ni ile ile, na mwenye hofu hulitupa bega kwanza, kisha nyonga na mikono huburutwa nyuma yake, na gongo (hili la mbao, si lile la chupa) halifiki tena upande wa mbali.

Anza na mchanga wa uani. Chora mstari ulionyooka kuelekea pale ambapo mrushaji angesimama, simama vidole vya miguu vikiugusa, na ulaze mti wa ufagio nyuma ya visigino vyako. Zungusha gongo polepole mara kumi, kisha tazama alama za miguu: ukikuta unyayo wa mbele umeuacha mstari na kuukaribia ufagio, basi mguu wako unakimbilia kituo cha tatu, na bega linaufuata. Usiongeze kasi mpaka nyayo kumi zikae mstarini. Wajapani huliita zoezi hili la kupiga hewa suburi, na wachezaji wao hulirudia mamia ya mara. Mimi ningependa ufanye hamsini kwa makini kuliko mia tatu za kuchoka, kwa sababu mwili uliochoka hujifunza kosa kwa bidii ile ile.

Shika gongo kwa vidole, si kwa kiganja, huku vile vifundo unavyogongea mlango unapobisha hodi vikikaribia kupangana kwa mikono yote miwili. Kisha kautafute ukuta. Weka kitako cha gongo kitovuni, ncha yake iguse ukuta, usimame umbali huo huo na kupiga hewa sambamba na ukuta huo. Gongo likikwaruza, mikono yako imezunguka mbali na mwili. Nyonga ikianza kugeuka na kiwiko cha nyuma kikipita karibu na mbavu, litapita bila kugusa. Tumia gongo kuukuu, maana mara za kwanza utakwaruza.

Zoezi la tatu ndilo linalotibu tatizo lako hasa. Chomeka kipande cha bomba la plastiki ardhini, kimo cha paja, uweke juu yake mpira wa tenisi au wa soksi. Kiweke upande wa mbali wa kibao, na kirudi nyuma kidogo, usawa wa mguu wako wa mbele, kwa kuwa mpira wa mbali husubiriwa zaidi kuliko wa karibu. Piga ukielekeza upande wa kituo cha kwanza, yaani kulia ukimtazama mrushaji. Mpira ukienda kushoto, bega limefunguka. Huhitaji mtu wa kukuambia.

Pengine utavutiwa na mpigaji Sadaharu Oh wa Japani, aliyekuwa akiinua mguu wa mbele na kusimama kama korongo. Alianza mtindo huo mwaka 1962 chini ya kocha wake Hiroshi Arakawa, na alistaafu mwaka 1980 akiwa na mapigo 868 ya kuzunguka vituo vyote. Lakini mguu ule ulikuwa wa kumzuia asiwahi mno, na aliuimarisha kwa mazoezi ya kila siku, hata ya kukata kwa upanga karatasi iliyoning'inizwa. Wewe inua kisigino tu kwa sasa. Baada ya wiki tatu mwombe mwenzako akurushie kutoka mita tano, mkono chini, upande wa mbali pekee, na mipira kumi ya kwanza uitazame ikipita bila kupiga.