Re: Mama aandikwe vipi kwenye hati ya kimila? Jina liingie siku ya uhakiki, sio baadae

Mdogo wangu, umesema kijijini kwenu Mufindi wanakuja kupima mashamba watu wapewe hati za kimila (hati rasmi za kumiliki ardhi ya kijiji), mzee anataka aandikwe peke yake wakati mama kalima naye hilo shamba tangu waoane, na baba mdogo anasema ardhi ya ukoo haiandikwi mwanamke. Jibu langu ni kwamba mama aende shambani siku ya uhakiki (siku kamati inapotembea mipaka na kuandika wamiliki), asimame mpakani, jina lake liingie kwenye fomu palepale. Siku hiyo ikipita bado inawezekana, ila ndo utaanza kuzungushwa na mabaraza.

Nasema hivi kwa sababu nilikua kwenye kamati ya uhakiki kijijini kwetu, huku huku mkoa wa Iringa, sheria inataka wanawake wasiopungua 4 kwenye hiyo kamati na mimi nilikua mmoja wao. Mnafika kitongojini asubuhi, mnatembea mpaka pamoja na majirani wa shamba, kijana wa upimaji anachukua alama kwa simu, halafu fomu inajazwa hapohapo, jina, picha, aina ya umiliki. Sasa wanaume wengi walikua wanakuja wenyewe, mama yuko kwenye palizi au anauguza mtoto, na karani anaandika anayemuona. Yaani wengi hawakukataliwa, hawakuwepo tu! Ikabidi sisi akina mama wa kamati tupite nyumba kwa nyumba jioni ya kabla, tukiwaambia kesho tunaanza kwenu, acheni jembe mje wote wawili, na kweli walianza kuja.

Sasa hapo kwenye aina ya umiliki naomba usome taratibu maana watu wanapita haraka. Mke na mume wanaweza kuandikwa wamiliki wa pamoja, au wakaandikwa kwa hisa kila mtu na fungu lake. Wakiwa wa pamoja, mmoja akifariki shamba linabaki kwa aliye hai moja kwa moja. Ikiwa ni kwa hisa, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi, na mirathi ya kimila huku bado inafuata ile Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 ambayo mjane hapewi kitu na mtoto wa kike anawekwa nyuma kabisa. Nimeona wajane wakikaa na mashemeji kugawana shamba walilolifyeka wao wenyewe msitu ukiwa msitu, inauma sana. Kwa hiyo mama akiulizwa aseme wazi, pamoja na mume wangu, na akisomewa fomu asikilize neno hilo lipo ndo aweke sahihi au dole gumba.

Kuhusu baba mdogo, mila anayoitaja haina nguvu kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya pale Mahakama Kuu Mwanza kwenye kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory aliamua mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake ana haki ya kuliuza sawasawa na mwanaume wa ukoo. Ila kwa mzee usianze na vifungu, atajisikia anashtakiwa kwake. Kwetu kilichowalainisha wazee ni kuulizwa ukitangulia wewe, unataka nani amtoe mama watoto wako humu ndani?

Mzee akigoma kabisa, kuna kipindi majina na ramani vinabandikwa ofisi ya kijiji, hapo mama aweke pingamizi kwa maandishi. Kuna baraza la ardhi la kijiji, watu 7 na wanawake wasiopungua 3, linasuluhisha. Likishindwa mnaenda baraza la kata, ambalo tangu 2021 nalo linasuluhisha tu halitoi hukumu, siku 30 zikipita bila muafaka mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Halafu umeuliza kama hati itamsaidia mama kupata mkopo. Nisikudanganye, benki nyingi bado zinasitasita na hati za kimila, na ile mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, inaenda kwa vikundi. Faida niliyoiona mimi ni kwenye kupanda. Mwanamke asiye na uhakika analima mahindi na maharage tu, parachichi hapandi maana anajua litakapoanza kuzaa anaweza asiwepo, miti ya mbao ndo kabisa. Waliopata majina yao kwetu sasa wana parachichi, na hela ya mavuno wanapanga wao.

Kwa sasa nenda kaulize vitu viwili. Kama wazazi wana ndoa rasmi, na kama hawana usiogope, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia kuwa wanandoa wakikaa pamoja miaka 2 na jamii ikawatambua. Na hilo shamba mzee alirithi au walilifungua pamoja? Kama alirithi, muulize mama nini kimeongezeka humo tangu aingie yeye, miti, mifereji, nyumba, uandike vyote na majina ya majirani walioona.