Usihame Kigoma kwa Sababu ya Umeme

Wiki hii kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, ameniandikia: "Shikamoo kaka. Najifunza kutengeneza programu, lakini kwa umeme na mtandao wetu huu naona bora nihamie Dar. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kuhama ni haki yako, ila usihame kwa sababu hiyo. Hata Dar umeme hukatika, na kazi iliyopangwa vibaya itaharibika huko kama inavyoharibika huku. Kuandika programu kunahitaji mtandao kwa dakika chache tu kwa siku, na dakika hizo zinapangika.

Tuanze na umeme, tena kwa hesabu. Kompyuta mpakato ya kawaida ikiwa kwenye kazi ya kuandika msimbo hula kama wati 40, ruta ndogo wati 10. Jumla 50. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, kwa karatasi ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inachukua chake, tuseme asilimia 15. Zinabaki kama 500, yaani saa kumi za kazi. Betri ya lithiamu ya Ah 50 inakupa karibu hivyo hivyo kwa kuwa inavumilia kushushwa zaidi, na hudumu miaka mingi kuliko ya asidi. Bei ya mwanzo ndiyo inayouma. Usikubali kuuziwa inveta ya wati 2,000 kwa kompyuta moja. Inveta kubwa hula betri hata ikiwa haina kazi; ya wati 300 inakutosha.

Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, kwa hiyo hakuna haja ya kuipitisha kwenye inveta. Lakini usiifunge kwenye betri moja kwa moja: betri ya asidi ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee, na ruta inaweza kuungua. Mwambie fundi aweke kirekebisha volti kinachotoa 12 kamili, na fyuzi karibu na betri.

Sasa msimbo. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu historia nzima ya mradi kwenye mashine yake. Maana yake `git commit`, amri ya kuhifadhi kazi, haihitaji mtandao hata kidogo. Unauhitaji kwa `git push` ya kutuma na `git fetch` ya kuvuta. Basi hifadhi kazi kila jaribio dogo linapopita, usingoje jioni. Angalizo moja: `git clone`, inayopakua mradi mzima kwa mara ya kwanza, ikikatika katikati huanza upya, na bando lililoliwa ndiyo limekwenda. Kwa mradi mkubwa anza na `git clone --depth 1`, kisha vuta historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=100`.

Kwenye seva ndiko vijana wengi wanakoumia. Umeingia kwenye kompyuta hiyo ya mbali kwa SSH, njia ya kuiendesha kwa amri kupitia mtandao, unabadilisha jedwali la databesi, mtandao unakata, na ile amri inaweza kufa pamoja na muunganisho. Kila unapoingia, andika kwanza `tmux new -s kazi` (tmux ni programu inayoshikilia kazi yako ndani ya seva), halafu fanya kazi humo ndani. Mtandao ukikata, amri inaendelea kule kule; ukirudi unaandika `tmux attach -t kazi` na kuikuta ilipo. Hili si la hiari. Ujue pia databesi yako. PostgreSQL inakuruhusu kufunga karibu mabadiliko yote ya majedwali ndani ya muamala mmoja, yakikwama katikati yanarudi nyuma yote. MySQL haifanyi hivyo: kila `ALTER TABLE` inajithibitisha yenyewe, kwa hiyo ukikwama kwenye hatua ya tatu kati ya tano, mbili za kwanza zimeshakaa. Hatua hizo ziandike kwenye faili tofauti tofauti, uzipeleke moja moja.

Vitu vizito, kama nyaraka za lugha unayotumia, pakua usiku bando linapokuwa nafuu. Programu iitwayo Zeal huweka nyaraka hizo kwenye kompyuta uzisome bila mtandao.

Na mteja? Mtumie taarifa saa nne asubuhi: jana kimekamilika nini, leo kinakuja nini. Habari ya umeme kukatika ifike kwake kabla muda wa ahadi haujapita. Ikifika baada ya hapo inasikika kama kisingizio, hata kama ni kweli.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa moyo wangu wote. Mwuza dagaa wa Kibirizi hawezi kusubiri mtandao urudi ndipo aandike mauzo. Wewe unayeishi naye unalijua hilo bila kuambiwa. Mtengenezee programu inayoandika kwenye simu kwanza na kutuma baadaye. Kila mauzo yapewe namba yake ya pekee, UUID, palepale kwenye simu, na seva ikatae namba iliyokwisha kuiona. Usipofanya hivyo, simu itatuma, jibu litapotelea njiani, itatuma tena, na gunia moja la dagaa litahesabika mawili. Vijana wa Kigoma na Tabora tunapaswa kuwa mabingwa wa programu za namna hii, na sioni kwa nini tungoje mtu wa mbali aje kutufanyia.

Jumamosi hii, mdogo wangu, zima data na ruta kwa saa nne, ufanye kazi yako ya kawaida. Weka daftari pembeni. Kila unapokwama, andika ulihitaji nini: nyaraka gani, maktaba gani ya msimbo, faili gani la mteja. Usiku washa mtandao, upakue vyote vilivyo kwenye daftari, na Jumamosi inayofuata urudie.